Kuiona Rangi Kabla ya Ndoo Kufunguliwa

Rangi ya nje ya nyumba huchaguliwa siku moja ikatazamwa kwa miaka. Rangi ya chumba ikimchosha mwenyewe, chumba hupakwa upya kwa siku mbili na hakuna jirani atakayejua. Ya nje inadai ngazi, mafundi na ndoo nyingi, na ikishakauka inakuwa ya mtaa mzima. Ndiyo sababu watu wametafuta kwa muda mrefu namna ya kuiona rangi kabla haijafika ukutani. Namna ya siku hizi ni picha ya nyumba ndani ya simu au kompyuta: mtu anaipiga nyumba yake picha, anaugusa ukuta kwa kidole, na ukuta unageuka kutoka krimu kuwa kijivu, au damu ya mzee, au samawati iliyopauka. Chombo hiki ni kipya, lakini kimeota kwenye vitabu vya picha, makopo ya bati na kadi za rangi za Marekani ya karne ya 19. Katika safari hiyo uamuzi ulihama mara kadhaa: ulitoka kwa fundi ukaenda kwa mwandishi wa vitabu, ukaenda kiwandani, ukaishia kiganjani mwa mwenye nyumba.

Kabla ya hapo, kwa karne nyingi, swali la rangi gani halikuwa na uzito. Ukuta ulichukua rangi ya kitu kilichopatikana karibu. Kwenye pwani ya Afrika Mashariki kitu hicho kilikuwa tumbawe. Mawe yake yalipangwa juu ya lundo la magogo na kuchomwa mpaka yakawa chokaa. Chokaa ikalowekwa maji, ikapigwa ukutani kuwa lipu, na ile nyepesi ikapakwa juu yake kuwa rangi. Inapokauka huvuta hewa ya ukaa na kurudi kuwa madini yale yale ya jiwe ilikotoka, ndiyo maana hushikana vizuri na ukuta wa tumbawe na kuuacha utoe unyevu wake. Msafara wa Vasco da Gama ulipofika Malindi mwaka 1498, mwandishi wa shajara ya safari alieleza kuwa nyumba za mji ule zilikuwa ndefu, zenye madirisha mengi, na zimepakwa chokaa vizuri. Aliyetaka ukuta usiwe mweupe alikuwa na udongo mwekundu na wa manjano, na si mengi zaidi, kwa kuwa chokaa mbichi ni kali na huziunguza rangi nyingi zinazotokana na mimea. Huko Sweden, mabaki ya mgodi wa shaba wa Falun yalitoa unga mwekundu wenye chuma. Unga huo umetengenezwa kwa ajili ya kuuzwa tangu mwaka 1764, na nyumba za mbao za mashambani kwao ni nyekundu mpaka leo kwa sababu ya mgodi huo mmoja.

Marekani ilikuwa nchi ya nyumba za mbao, na mbao isiyopakwa huoza. Kinga yake ilikuwa rangi ya mafuta iliyotengenezwa kwa risasi nyeupe. Vipande vya risasi vilining'inizwa ndani ya vyungu vyenye siki kidogo, vyungu vikafukiwa katika samadi ya farasi au maganda ya miti kwa wiki kadhaa, na mvuke wa siki pamoja na joto na hewa ya ukaa ya samadi vikaila risasi mpaka ikafanya ganda jeupe. Ganda hilo lilisagwa na mafuta ya kitani kuwa ujiuji mzito. Fundi aliununua ujiuji huo, akaongeza mafuta, tapentaini na unga wa rangi, akakoroga uani kwa mwenye nyumba. Mafundi wengi walilipa kwa afya zao, kwani sumu ya risasi iliwaletea msokoto wa tumbo na kulegea kwa viganja.

Katika utaratibu huo mwenye nyumba alichagua kwa maneno. Alisema anataka kijivu, na fundi akampa kijivu alichokijua yeye. Ndoo ya Jumatatu haikufanana sawasawa na ya Alhamisi, na upande wa pili wa nyumba ungeweza kutoka tofauti na wa kwanza bila fundi kuwa amefanya uzembe wowote. Rangi moja tu ilikuwa salama kuagizwa kwa jina, nayo ni nyeupe. Mtindo wa ujenzi wa wakati ule, ulioiga mahekalu ya Wagiriki wa kale, uliitaka hiyo hiyo, na kufikia miaka ya 1830 miji midogo ya kaskazini mashariki ilikuwa imejaa nyumba nyeupe zenye vifuniko vya madirisha vya kijani. Charles Dickens alipopita New England mwaka 1842 weupe huo ulimgusa kiasi cha kuuandika katika kitabu cha safari yake.

Mwaka huo huo wa 1842 alitokea mtu wa kuupinga. Andrew Jackson Downing alikuwa mwenye bustani ya kuuza miche huko Newburgh, kando ya mto Hudson, kijana wa miaka 26 aliyejifundisha mwenyewe mambo ya bustani na majengo. Katika kitabu chake Cottage Residences alidai kwamba nyumba nyeupe katikati ya majani mabichi inaumiza macho na kuonekana kama imewekwa pale kwa nguvu. Mwenye nyumba, kwa maoni yake, aazime rangi za vitu vilivyopo tayari mahali pale: udongo, jiwe, gome la mti, nyasi kavu. Hoja hiyo ilikuwa imeshatolewa na waandishi wa Uingereza waliosifu mandhari ya asili. Jipya la Downing lilikuwa ukurasa mmoja. Aliweka kitabuni vipande sita vya rangi, vitatu vya kijivu na vitatu vya hudhurungi hafifu, kila kimoja na herufi yake, vimepakwa kwa mkono kwa sababu uchapaji wa siku hizo haukuweza kuitoa rangi kwa uhakika. Msomaji angeweza kumwonyesha fundi wake herufi moja na kumwambia aifikie.

Uzito wa ukurasa huo haupaswi kupunguzwa kwa sababu ya udogo wake. Kwa mara ya kwanza mwenye nyumba wa kawaida alikuwa na kitu cha kuonyeshea kidole. Downing aliongeza maelekezo ambayo wauza rangi wa leo bado wanayarudia, wengi bila kujua yalikotoka: nyumba kubwa ipewe rangi tulivu na ndogo ipewe yenye uchangamfu, fremu za milango na madirisha zitofautiane na ukuta, ama kwa kukolea zaidi au kwa kupauka zaidi, la sivyo uso mzima wa nyumba utapooza. Alifariki mwaka 1852, akiwa na miaka 36, katika ajali ya moto wa meli ya mvuke Henry Clay kwenye mto Hudson. Vitabu vyake viliendelea kuchapwa, na katika miaka ya 1850 na 1860 kijivu na hudhurungi vilienea kwenye nyumba za Wamarekani wenye uwezo.

Herufi za Downing bado zilimtegemea fundi na ndoo yake. Lililobadilisha hilo ni kopo. Mwaka 1867 D. R. Averill wa Ohio alipata hataza ya rangi iliyochanganywa tayari kwa kupakwa. Michanganyiko ya mwanzo ilikuwa na sifa mbaya ya kujitenga na kuganda, na mafundi waliidharau, lakini mashine za kusagia ziliboreka haraka. Kampuni ya Sherwin-Williams, iliyoanzishwa mjini Cleveland mwaka 1866, ilipata hataza ya kopo linaloweza kufungwa tena mwaka 1877. Reli zilikwishaunganisha bara zima, kwa hiyo kopo lenye namba fulani lilifika Kansas likiwa na rangi ile ile iliyofika Boston. Hapo ndipo kijivu kilipoacha kuwa kijivu cha fundi fulani kikawa bidhaa yenye namba.

Bidhaa yenye namba ilihitaji orodha, na orodha ya rangi haiwezi kuwa ya maneno. Viwanda vilianza kugawa kadi zenye vipande vidogo vya karatasi vilivyopakwa rangi yenyewe kutoka kiwandani, vikakatwa na kugundishwa kwa mpangilio. Wino wa mchapaji hauna madini yale yale yaliyomo kwenye rangi ya nyumba, na hata ukikaribia mfano wake chini ya mwanga wa taa, utaachana nao chini ya jua. Kadi nzuri za leo bado hutengenezwa kwa rangi halisi kwa sababu hiyo hiyo.

Kadi ilionyesha rangi bila nyumba. Pengo hilo lilizibwa kwa vitabu vikubwa vya picha, na kilichokamilika kuliko vingi ni Exterior Decoration, kilichotolewa mwaka 1885 na kampuni ya rangi ya Devoe ya New York. Ndani yake mna michoro ya nyumba iliyochapwa kwa rangi nyingi: nyumba zenye minara, baraza, vigae vya mbao kwenye ghorofa ya juu na mbao za kulala kwenye ghorofa ya chini. Kila picha ina maelezo yake yanayotaja namba ya rangi ya kila sehemu, na namba hizo zinarudi kwenye vipande vya rangi halisi vilivyomo katika kitabu hicho hicho. Ukuta wa chini una namba yake, wa juu namba nyingine, nguzo na pembe za nyumba nyingine, fremu ya kioo cha dirisha nyingine tena, na hiyo ya mwisho mara nyingi ndiyo nyeusi zaidi ya zote, ili dirisha lionekane kuingia ndani ya ukuta. Rangi zenyewe zilikuwa nzito: kijani cha zeituni, hudhurungi, nyekundu ya matofali, haradali.

Kitabu hicho kinastahili kuitwa babu wa programu za leo. Kina picha, kina sehemu za nyumba zilizogawanywa, kina rangi zenye namba zinazoweza kununuliwa dukani. Kasoro yake ilikuwa moja, na ilikuwa kubwa: nyumba iliyochorwa haikuwa nyumba ya msomaji. Aliyekuwa na nyumba ya ghorofa moja isiyo na mnara ilimbidi akisie. Kasoro hiyo ilidumu zaidi ya miaka 100.

Karne ya 20 ilianza kwa kuzikimbia rangi nzito. Maonyesho ya dunia ya Chicago ya mwaka 1893, yaliyojengwa kwa majumba meupe matupu, na mapenzi mapya ya majengo ya enzi za ukoloni vilirudisha nyeupe na krimu. Kuanzia mwaka 1916 hivi viwanda vilianza kutoa titani nyeupe, isiyo na sumu ya risasi na inayofunika ukuta vizuri kuliko risasi, ingawa risasi yenyewe iliendelea kutumika na haikupigwa marufuku katika rangi za nyumba nchini Marekani hadi mwaka 1978. Walioasi weupe huo waliijaribu rangi ukutani moja kwa moja, bila kadi wala kitabu. Mjini Charleston, mwanzoni mwa miaka ya 1930, Dorothy Porcher Legge alinunua nyumba chakavu katika mtaa wa East Bay akaipaka waridi. Majirani wakafuata kwa manjano, kijani na samawati zilizopauka, na safu hiyo sasa ni miongoni mwa mitaa inayopigwa picha sana kusini mwa Marekani. Mjini San Francisco msanii Butch Kardum alianza mwaka 1963 kupaka nyumba yake ya enzi za Malkia Victoria kwa buluu na kijani kali. Wapo waliomkejeli na wapo waliomwajiri, na muda si mrefu mitaa mizima ya jiji hilo ikabadilika sura. Kitabu kuhusu nyumba hizo kilipotoka mwaka 1978, rangi nne au tano kwenye nyumba moja zilikuwa zimerudi kuwa jambo la fahari.

Wakati mitindo ikipanda na kushuka, kazi nyingine ilikuwa ikiendelea katika maabara, nayo ndiyo iliyoiwezesha kompyuta kuijua rangi. Mfaransa Michel-Eugène Chevreul, mkemia wa kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins, alionyesha mwaka 1839 kwamba rangi mbili zikikaa jirani kila moja huibadilisha nyingine machoni: kijivu kando ya nyekundu huonekana kuelekea kijani. Mwalimu wa sanaa wa Boston, Albert Munsell, alipendekeza mwaka 1905 kuipima rangi kwa mambo matatu, yaani aina yake, mwangaza wake na ukolevu wake, na kuipa kila rangi anwani ya namba. Mwaka 1931 kamati ya kimataifa ya mwanga ilikubaliana juu ya jicho la wastani la kihesabu ambalo vipimo vyote vingelirejea. Mwaka huo huo Paul Kubelka na Franz Munk walitoa kanuni inayoeleza jinsi tabaka la rangi linavyomeza na kurudisha mwanga kulingana na unga uliomo. Kanuni yao ndiyo moyo wa mashine za kuchanganya rangi: ukijua kila unga unameza nini, unaweza kukokotoa kabla ya kukoroga.

Ukokotoaji huo ulifanywa kwa mkono na kwa majedwali hadi mwaka 1958, kampuni ya Davidson and Hemmendinger ilipotoa COMIC, kompyuta ya analogia iliyotengenezwa kwa kazi hiyo tu. Kufikia miaka ya 1980 kipimo cha mwanga na kompyuta ndogo vilikuwa vimefika dukani. Mteja alileta kipande cha kitambaa au kigae, kikawekwa chini ya kipimo, na mashine ikatoa idadi ya matone ya kila rangi ya kuongezwa kwenye ndoo nyeupe. Watu wa Dar es Salaam na Nairobi wanaifahamu mashine hiyo kwenye maduka makubwa ya rangi, ile inayotikisa ndoo kwa kishindo baada ya kuidondoshea matone. Kila rangi ilikuwa sasa na namba zake, na kitu chenye namba kinaweza kuonyeshwa kwenye skrini.

Skrini zenyewe zilihitaji lugha moja. Mwaka 1996 kampuni za Hewlett-Packard na Microsoft zilipendekeza mfumo wa sRGB, uliokuwa kiwango cha kimataifa mwaka 1999. Kila nukta ya skrini inapewa namba tatu, za nyekundu, kijani na buluu, kila moja kati ya 0 na 255, ambazo kwa pamoja zinatoa michanganyiko zaidi ya milioni 16. Viwanda vya rangi viliweka kadi zao kwenye tovuti, kisha vikaweka picha za nyumba. Mwanzoni picha hizo zilikuwa za nyumba za mfano, kwa hiyo kasoro ya mwaka 1885 ilihamia kwenye kompyuta: mtumiaji alichagua nyumba iliyofanana kidogo na yake, na nyumba zote zilikuwa za Kimarekani. Baadaye tovuti zikaruhusu mtu kuleta picha yake mwenyewe. Mwaka 2009 Sherwin-Williams walitoa ColorSnap kwa simu ya iPhone, programu iliyotafuta katika kadi ya kampuni rangi inayokaribiana na sehemu yoyote ya picha. Mwaka 2014 AkzoNobel walitoa Dulux Visualizer, iliyotumia kamera ya simu kubadilisha rangi ya ukuta papo hapo, ingawa ililenga zaidi vyumba vya ndani.

Kuta za nje ni ngumu zaidi kwa programu, na inafaa kuona kazi inavyofanyika. Kwanza ukuta lazima utenganishwe na kila kisicho ukuta: paa, mti wa mwembe uliotangulia mbele, gari, nyaya za umeme, fremu za madirisha. Zamani mtumiaji alichora mipaka kwa kipanya, nukta kwa nukta, na ukingo wa jani moja ungeweza kumla nusu saa. Programu za sasa zimefundishwa kwa picha nyingi hadi zinautambua ukuta zenyewe, japo bado hukosea palipo na kivuli kizito. Hatua ya pili ni ya ufundi zaidi. Ukuta halisi hauna rangi moja kwenye picha: chini ya upenu kuna kivuli, katikati kuna jua, kwenye mwungano wa matofali kuna mistari. Programu huacha tofauti hizo za mwanga na kivuli kama zilivyo, ikabadilisha rangi peke yake, na ndiyo maana picha huaminika kuliko mchoro. Ugumu unakuja mtu anapotaka kupeleka ukuta wa matofali meusi kuwa mweupe. Mwangaza wa zamani ukiachwa, ukuta utatoka wa kijivu. Ukipandishwa, vivuli hufutika na nyumba huonekana kama karatasi iliyokatwa kwa mkasi.

Kamera nayo ina mkono wake. Simu husawazisha weupe wa picha bila kuulizwa, kwa hiyo nyumba iliyopigwa picha saa kumi na mbili jioni hupozwa wekundu wake, na iliyopigwa chini ya wingu hupashwa joto kidogo. Baadhi ya rangi za dukani, hasa machungwa kali na kijani-buluu iliyokolea, zimo nje ya uwezo wa sRGB. Skrini huonyesha tu jirani yake wa karibu.

Tofauti kubwa kuliko zote ni ya jua. Ukuta mweupe uliopigwa na jua la mchana hung'aa zaidi ya mara 20 kuliko skrini nyingi za simu zikiwa zimewashwa kwa nguvu zote. Jicho huzoea mwanga huo, na likishauzoea huiona rangi kwa namna nyingine. Mtafiti wa Sweden Karin Fridell Anter aliuchunguza mwachano huu katika tasnifu yake ya mwaka 2000, kwa kulinganisha rangi ya nyumba kama inavyoonekana kutoka mbali na kipande cha kadi kilichobandikwa kwenye ukuta wenyewe. Matokeo yake yana manufaa kwa kila mwenye nyumba: ukuta karibu kila mara huonekana na weusi pungufu kuliko kadi, na mara nyingi umekolea zaidi. Krimu hafifu ya kwenye kadi huwa manjano ukutani. Aliyependa kijivu cha wastani hushangaa kukiona kimekuwa cheupe, na waridi lililoonekana la heshima mkononi huwa kelele barabarani. Kwa hiyo aliyechagua kwa kadi au kwa skrini ana sababu ya kushuka hatua moja, kwenye iliyotulia zaidi na yenye giza zaidi kidogo.

Hapa msomaji wa Afrika Mashariki anahitaji tahadhari ya ziada. Maelekezo yanayoambatana na programu hizi yameandikwa kwa nchi za kaskazini, ambako ukuta unaotazama kaskazini hukaa kivulini karibu mwaka mzima na huonekana wa baridi na wa kibuluu. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Kwa takriban miezi 7 ya mwaka, kuanzia Machi hadi Oktoba, jua la adhuhuri hupita upande wa kaskazini wa jiji hilo, na ukuta wa kaskazini ndio unaopigwa. Anayeyafuata maelekezo ya New York ataweka rangi ya joto upande usioihitaji. Nairobi, iliyo jirani kabisa na ikweta, jua hugawana pande hizo mbili karibu nusu kwa nusu. Na kwa kuwa jua la adhuhuri huku huwa karibu na utosi, huteleza juu ya ukuta na kuonyesha kila wimbi la lipu, jambo ambalo rangi ya kung'aa hulikuza na rangi isiyong'aa hulificha. Jua hilo pia huchagua cha kula. Nyekundu, manjano na hudhurungi zinazotokana na chuma hudumu. Nyingi za zile kali zinazotokana na kemikali za kaboni hupauka mapema, na picha ya simu haionyeshi mwaka wa tatu.

Ukuta wa nje una wenyewe wengi. Marekani vyama vya wamiliki wa nyumba katika mitaa mingi hudai kuidhinisha rangi kabla ya kupakwa, na Charleston ina bodi ya kukagua majengo ya kihistoria iliyotokana na sheria ndogo ya mwaka 1931. Katika mazingira hayo picha ya kompyuta imegeuka kuwa hati ya kuambatanisha na maombi. Mwaka 2018 Serikali ya Kaunti ya Mombasa iliagiza majengo ya katikati ya mji na Mji wa Kale yapakwe meupe yenye pambizo za buluu, na uchaguzi wa mwenye jengo ukabaki mdogo. Kando ya barabara kuu za Kenya, Uganda na Tanzania, maduka mengi yamepakwa rangi za kampuni za simu, soda au sabuni ya kufulia, kwa makubaliano ambayo kampuni hutoa rangi na mwenye duka hutoa ukuta. Kwenye majumba ya zamani ya tumbawe, kama yale ya Mji Mkongwe wa Unguja, suala huwa si la macho tu: rangi ya plastiki hufungia unyevu ndani ya ukuta, lipu ikavimba na kubanduka, kwa hiyo inayofaa ni chokaa ile ile ya zamani, ambayo haimo katika programu nyingi za viwanda.

Kampuni zenye programu hizi huweka onyo la maandishi madogo kwamba rangi ya skrini inaweza kutofautiana na ya ukutani, na hushauri mteja anunue kopo dogo la sampuli. Ushauri huo ni wa kweli na ufuatwe. Programu itumike kupunguza rangi 30 zibaki 3, na kazi hiyo inaifanya vizuri kuliko kitabu chochote cha karne ya 19. Hizo 3 zipakwe ukutani, vipande vya angalau nusu mita kila upande, mikono miwili ya rangi, juu ya praima nyeupe na mbali na rangi ya zamani, kwenye ukuta mmoja unaopigwa na jua na mwingine ulio kivulini. Zitazamwe asubuhi, adhuhuri na magharibi, zikiwa zimekauka, na kutoka ng'ambo ya barabara, mahali ambapo majirani watakuwa wakiitazama nyumba hiyo kila siku.